Herufi Moja kwa Jicho, Nyingi kwa Kompyuta

Katika maandishi ya Kiswahili ipo alama ndogo ambayo msomaji aghalabu huipita bila ya kuitupia jicho, nayo ni ile ritifaa inayokaa ndani ya maneno kama ng'ombe, ng'ambo, ng'amua na ng'oa, ikimjulisha mwenye kusoma kwamba sauti iliyopo hapo ni ya puani tupu, wala haimalizikii kwenye g kama ile ya ngoma na ngao. Kwa jicho la binadamu alama hiyo ni moja: ukiiona imesimama wima katika barua iliyopigwa chapa kwa taipureta ya zamani, au imepinda kwa upole katika kitabu kilichochapwa kwa ustadi, huisomi vingine. Ndani ya kompyuta si moja, ni kadhaa, na kila moja ina nambari yake. Na kwa kuwa dhamana ya maandishi yetu imekwisha toka mikononi mwa wapiga chapa ikaingia mikononi mwa watunga programu, naona ni wajibu kusema wazi kwamba wengi wa mafundi hao hawana desturi ya kuitazama nambari iliyo nyuma ya herufi kabla ya kuiamini herufi yenyewe, na kwamba kughafilika huko kunailetea lugha yetu hasara isiyodhihiri upesi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kompyuta haina habari ya herufi, bali ina habari ya nambari tu, na kila herufi tuionayo kwenye skrini ni nambari iliyovishwa umbo kwa mapatano ya watu. Mapatano ya mwanzo yaliyoenea mno yalifanywa Marekani mwaka 1963, nayo yalikuwa na nafasi 128 basi. Ndani yake herufi kubwa A ilipewa 65, ritifaa iliyosimama wima ikapewa 39, na herufi ndogo a, iliyoingizwa baadaye kidogo, ikapewa 97. Nafasi hizo ziliwatosha waliozipanga, lakini hazikuwa na mahali pa é ya Mfaransa, wala pa ũ ya Mkikuyu, wala pa hata herufi moja ya Kiarabu. Yaliyofuata ni fujo ya miaka mingi, ambapo kila nchi na kila kampuni ilitunga jedwali lake, nambari ile ile ikawa na maana hii Cairo na maana nyingine Moscow, na waraka ukivuka bahari ukafika umegeuka maneno yasiyosomeka. Ndipo mwaka 1988 Joe Becker, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Xerox, alipotoa pendekezo la jedwali moja kwa maandishi ya ulimwengu mzima, akaliita Unicode. Na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1991. Ilidhaniwa kwamba nafasi 65,536 zingetosha milele. Hazikutosha, na mwaka 1996 jedwali likapanuliwa hadi nafasi 1,114,112, ambazo hata leo, baada ya kugawiwa herufi zaidi ya laki moja na nusu, sehemu yake kubwa ingali tupu.

Mimi naihesabu kazi hiyo miongoni mwa kazi adhimu za karne iliyopita, kwa kuwa haikuwasaza wanyonge: Kihabeshi kina mahali pake ndani ya jedwali hilo, N'Ko ya Afrika ya Magharibi iliingia mwaka 2006, na mwaka 2016 ikaingia Adlam, hati waliyoibuni ndugu wawili wa Guinea wangali vijana ili Kifulani kipate maandishi yake chenyewe. Lakini jedwali kubwa lina shari moja inayofuatana na wema wake. Mahali palipo na nafasi nyingi hapakosi kuwa na alama nyingi zinazofanana, na kufanana kwa machoni hakuna thamani yoyote mbele ya mashine inayopima nambari.

Kuitazama nambari ya herufi si elimu ya siri. Katika lugha ya Python, ambayo ndiyo wanafunzi wetu wengi huanzia, mtu huandika ord, akatia herufi moja ndani ya mabano pamoja na alama zake za nukuu, na papo hapo hujibiwa. Na mwenye nambari atakaye herufi huandika chr. Katika JavaScript na Java kazi ya ord hufanywa na codePointAt. Chukua basi neno ng'ombe lililoandikwa kwa kibodi ya kawaida, uliza nambari zake moja moja, utapewa 110, 103, 39, 111, 109, 98 na 101. Sasa lichukue neno hilo hilo kutoka katika waraka ulioandikwa kwa programu ya ofisini, ile inayoipinda ritifaa yenyewe bila ya kuamrishwa ili maandishi yapendeze, na uulize tena: 110, 103, 8217, 111, 109, 98, 101. Na ukilitoa katika kazi ya mwanaisimu mwangalifu, huenda katikati yake pakawa pamekaa 700. Jicho halioni tafauti baina ya maneno hayo ila ya upindo kidogo, na baina ya mawili ya mwisho halioni tafauti hata chembe. Kompyuta nayo inayaona kuwa maneno matatu mbalimbali, yasiyo na udugu zaidi ya udugu wa ngombe na ngambe. Hata uzito wake si mmoja, maana yakihifadhiwa kwa mtindo wa UTF-8, ule ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni Septemba 1992 katika mkahawa mmoja wa New Jersey, la kwanza huchukua baiti 7, la pili 9, na la tatu 8.

Ipo na ya nne, ambayo huwasibu washairi. Mshairi anapoikata silabi ya mwanzo ili mizani itimie, akaandika 'mekwenda badala ya amekwenda, programu ya kuandikia huikuta ritifaa mwanzoni mwa neno ikadhani kwamba nukuu inafunguliwa, ikaweka 8216, alama iliyogeukia upande usio wake. Mpiga chapa wa zamani angaliiona dosari hiyo kwa vidole vyake kabla wino haujakauka. Siku hizi hupenya mpaka kitabuni, na mhariri asiyejua kuiuliza nambari hana njia ya kuzikusanya zote kwa pamoja akazisahihisha, isipokuwa kuzisaka ukurasa baada ya ukurasa kwa macho yaliyochoka.

Tutazame madhara yake. Kompyuta isiyofundishwa kaida ya lugha hupanga maneno kwa kufuata ukubwa wa nambari. Na kwa kuwa 39 ni ndogo kuliko 97 ya herufi a, ng'ombe wa ritifaa iliyosimama hutangulia mbele ya ngamia na ngao, na kwa kuwa 8217 inaipita kwa mbali 122 ya herufi z, ng'ombe wa ritifaa iliyopinda hutupwa nyuma ya nguzo na ngwena. Kitabu kimoja cha ufugaji kilichoandikwa na watu wawili, kila mmoja kwa kompyuta yake, kinaweza kutoka na faharasa ambayo mnyama yule yule yupo mahali pawili, na msomaji akiisha kumwona pa kwanza hana sababu ya kumtafuta pa pili, na kurasa zote zilizotajwa huko zikawa kama hazikuandikwa. Kadhalika mtu anayetafuta dawa ya ng'ombe katika maktaba iliyotengenezwa bila ya hadhari atajibiwa kwamba hakuna kitu, ilhali makala yamo, tena mengi, ila yaliandikwa kwa 8217 naye anatafuta kwa 39. Ataondoka akidhani kwamba Kiswahili hakina elimu hiyo, na dhana hiyo ndiyo inayoniuma mimi kuliko faharasa iliyoharibika.

Lakini lililo zito zaidi ni lile la kuyapasua maneno. Watunga programu wana amri moja mashuhuri ya kuigawa sentensi, isemayo kwamba neno ni mfululizo wa herufi, tarakimu na mstari wa chini, na kwamba kitu kingine chochote ni mpaka. Amri hiyo ilitungwa kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, walakini imerithiwa na kila mtu, na mbele yake ritifaa ya 39 na ya 8217 si herufi, ni alama ya uandishi. Basi ng'ombe hukatwa, ng ikabaki huku na ombe kule. Kung'amua huacha nyuma yake amua, ambalo ni neno kamili lenye maana yake. Na kung'oa, iwe ni kung'oa jino au kisiki, huacha oa, na hesabu ya ndoa ikazidi kwa kila jino lililong'olewa. Anayehesabu maneno ya Kiswahili kwa njia hiyo ili atunge kamusi, au ili aifundishe mashine kutafsiri, anaifundisha lugha isiyokuwapo, na mashine haitalalamika, kwa sababu mashine haijui kwamba imepewa batili. Dawa yake ipo, tena imeandikwa na watu wa Unicode wenyewe katika kanuni zao za kugawa maneno, ambazo huiacha ritifaa iliyo baina ya herufi mbili ibaki ndani ya neno lake. Lakini dawa hiyo humfaa aliyekwisha jua kwamba pana ugonjwa.

Madhara mengine hufika mfukoni. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, mradi zote ziwe zimo katika jedwali dogo walilopatana mafundi wa simu za mkononi. Ikiingia hata moja isiyokuwamo, ujumbe wote hugeuzwa kwa mtindo mwingine, na nafasi zikashuka kutoka 160 hadi 70, na ukiwa mrefu zaidi ya hapo hukatwa vipande vya 67. Ritifaa iliyosimama imo katika jedwali hilo. Iliyopinda haimo. Chama cha ushirika kikiwapelekea wafugaji wake 1,000 tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150, kitalipia jumbe 1,000 ikiwa ritifaa yake ni ya 39, na kitalipia jumbe 3,000 ikiwa karani alilinakili tangazo kutoka katika waraka wenye 8217. Na katika ankara hapatakuwa na mstari wowote wa kumweleza mweka hazina kwamba fedha yake imeliwa na upindo wa alama moja. Naamini kwamba fundi anayeziuza huduma hizo kwa taasisi zetu, akaacha kukagua nambari za matangazo anayokabidhiwa, hajaitimiza amana aliyopewa, hata kama programu yake haijasimama hata siku moja.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu yasiyomhusu mwananchi, kwamba mitambo mikubwa ya kutafutia habari imekwisha jifunza kuzisamehe ritifaa, na kwamba mtu wa kawaida ataendelea kuandika kwa kibodi aliyopewa. Nakubali kwamba mwananchi hapaswi kusumbuliwa, na nitarudi hapo. Lakini kusamehe kwa mitambo mikubwa kunatoka kwa watu wa mbali waliozisawazisha alama kwa faida ya lugha zao, nasi tukanufaika kwa bahati. Na bahati hiyo haifiki katika hifadhidata ya hospitali ya wilaya, wala katika daftari la wanafunzi, wala katika orodha ya wapiga kura, ambazo hutengenezwa hapa kwetu na vijana wetu, na ambamo mtu wa Usukumani mwenye jina linaloanza kwa Ng'wana anaweza kuandikishwa mara mbili, au akakosekana siku anayohitajiwa, pasipo yeye wala karani kuwa na kosa.

Wala jambo hili si la Kiswahili peke yake. Jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, lina ritifaa, na pamoja nayo lina ũ na ĩ, ambazo kila moja katika Unicode huweza kuandikwa kwa njia mbili zilizo halali sawasawa: ama kwa nambari moja, 361 kwa ũ na 297 kwa ĩ, ama kwa herufi tupu ikifuatwa na kiwimbi chake chenye nambari 771. Ukiiuliza Python urefu wa jina Ngũgĩ lililoandikwa kwa njia ya kwanza itakujibu 5, na kwa njia ya pili itakujibu 7. Na ukiyaweka majina hayo mawili sambamba, ukauliza kama ni sawa, itakwambia kwamba si sawa, ingawa hata mwandishi mwenyewe asingaliweza kuyatenga. Hapa Unicode inayo kanuni ya kusawazisha, na katika Python huitwa kwa neno normalize, ambayo huirejesha njia ya pili katika ya kwanza kwa amri moja. Asiyeijua kanuni hiyo, na asiyejua pia kwamba waraka una mtindo wake wa kuhifadhiwa ambao sharti usomwe kwa mtindo huo huo, hutuletea jina hilo likiwa NgÅ©gÄ©, kama ambavyo ng'ombe wa 8217 hutujia akiwa ngâ€™ombe. Takataka hizo si nasibu. Ni baiti za UTF-8 zilizosomwa kwa jedwali la zamani la nchi za Ulaya ya Magharibi, na mwenye kuzoea kuzikagua nambari hulitambua kosa kwa mtazamo mmoja na kulitibu bila ya kupoteza hata herufi. Asiyezoea huzifuta zile alama asizozijua, akabakisha Ngugi, akaona amesafisha. Na mtu aliyeipa lugha ya mama yake nusu ya umri wake wa uandishi akaingizwa maktabani kwa tahajia ambayo si ya lugha hiyo.

Katika kuhesabu urefu wa maandishi nako kuna hitilafu, japo sitaki kukaa hapo sana. Java na JavaScript zilizaliwa wakati watu wangali wakidhani kwamba 65,536 zinatosha, na mpaka leo herufi iliyo juu ya hapo huhesabiwa na lugha hizo kuwa mbili. Bendera ya Tanzania tunayoitia katika ujumbe wa simu imeundwa kwa nambari 127481 na 127487, ambazo ni T na Z za namna ya pekee zilizokaa pamoja. Jicho laona bendera moja, Python yahesabu mbili, JavaScript yahesabu nne, na programu inayokata maandishi bila ya kukagua inaweza kuipasua bendera katikati. Si msiba mkubwa kwa bendera ya kwenye simu, ila mkono ule ule ndio unaokata majina ya watu katika vyeti.

Nadhani wenzangu wa pwani watakuwa wamekwisha jiuliza juu ya khati yetu ya kale. Kabla ya Kiswahili kuandikwa kwa herufi za Kirumi kiliandikwa kwa za Kiarabu, na ithibati zake zipo: barua za watu wa Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, na Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Herufi za Kiarabu peke yake hazikuweza kuzibeba sauti zetu zote, na baadaye wakatokea waandishi walioazima umbo la پ kwa p, چ kwa ch na ڤ kwa v, ambazo katika Unicode ni 1662, 1670 na 1700; jedwali linazo, wala hatuna la kulalamikia hapo. Tatizo ni lile lile la kufanana. Kaf ya Kiarabu ni 1603 na kaf ya Kiajemi, ambayo ndiyo pia ya Kiurdu, ni 1705. Ye ya Kiarabu ni 1610 na ile ya Kiajemi ni 1740. Na zinapoandikwa katikati ya neno, zikiwa zimeshikana na jirani zake, hakuna jicho linaloweza kuzitambua. Basi mtu wa Lamu akinakili utenzi kwa kibodi ya Kiarabu, na mwingine wa London akanakili beti zinazofuata kwa kibodi ya Kiajemi kwa sababu ndiyo yenye p na ch, tutakuwa na utenzi mmoja ulioandikwa kwa herufi za aina mbili, na mtafiti atakayetafuta neno kitabu ataonyeshwa nusu ya mahali lilipo naye hatajua kwamba ameonyeshwa nusu. Kazi ya kuzipeleka nyaraka hizo katika kompyuta ingali changa, na huu ndio wakati wa kuikagua, kabla makosa hayajawa mengi kiasi cha kuitwa desturi.

Swali linalobaki ni nambari ipi iwe ya ritifaa ya ng'. Kanuni ya kusawazisha niliyoitaja haiigusi alama hiyo, maana kwa Unicode 39, 8217 na 700 ni vitu vitatu vyenye kazi mbalimbali: ya kwanza ni urithi wa 1963, ya pili ndiyo inayopendekezwa kwa ritifaa ya kawaida ya uandishi, na ya tatu ni kwa mahali ambapo alama imekuwa herufi. Watu wa Hawaii walipokabiliwa na jambo linaloshabihiana na hili waliamua. Alama yao ya kituo cha kooni ni konsonanti kamili kwao, wakaipa 699, nambari ambayo kompyuta huihesabu kuwa herufi, na wakatengeneza kibodi inayoitoa. Wapo wanaotaka nasi tushike 700 kwa hoja hiyo hiyo, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu 700 haipasuliwi na ile amri mashuhuri, na ng'ombe angepona bila ya mtu kumtibu.

Hata hivyo mimi siungi mkono. Alama yetu haina sauti yake. Inaitumikia ng tu, kuitenga na ng nyingine. Wala hapana kibodi hata moja ya kawaida katika Afrika ya Mashariki inayoitoa 700, na kuwataka mamilioni ya watu waandike kile ambacho vidole vyao haviwezi kukifikia ni kuwahukumu wote kuwa wakosaji kuanzia siku ya kwanza. Tena 700 haimo katika jedwali la simu, na ile gharama niliyoieleza ingekuwa kaida badala ya kuwa ajali. Rai yangu ni kwamba nambari ya kuhifadhia iwe 39, iliyo katika kila kibodi, iliyo nyepesi kuliko zote, na ambayo ndiyo iliyojaa katika maandishi tuliyo nayo tayari; kwamba mpiga chapa aachiwe uhuru wa kuipinda anapochapa kitabu, kwa kuwa uzuri wa kurasa nao ni haki ya msomaji; na kwamba kila programu inayopokea Kiswahili izikubali 39, 8216, 8217 na 700 zikiwa kati ya herufi mbili, izigeuze zote kuwa 39 kabla ya kulinganisha, kupanga au kutafuta, wala isimrudishie mwandishi maneno yake kwa kisingizio kwamba ameandika alama isiyokubalika. Ritifaa ya mshairi mwanzoni mwa neno iangaliwe kwa hadhari zaidi, kwani hapo nukuu ya kweli inaweza kuwapo, na programu haiwezi kuamua bila ya kulijua neno lenyewe.

Uamuzi wa namna hii hauwezi kuachiwa kila fundi aufanye peke yake chumbani mwake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, limekuwa likisanifu istilahi; Zanzibar lina mwenzake; na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyo na makao yake Zanzibar, inazikusanya nchi zote za jumuiya. Naiomba Kamisheni hiyo itoe waraka wa ukurasa mmoja, uliotiwa sahihi na wenye elimu ya lugha pamoja na wenye elimu ya kompyuta, utakaotaja kwa tarakimu nambari ya kila herufi na kila alama ya Kiswahili, za Kirumi na za Kiarabu, ili mtunga programu wa Kigoma, wa Bujumbura au wa Muscat asiwe na haja ya kubahatisha. Vyuo vyetu navyo viiweke ord katika somo la juma la kwanza, kabla ya mwanafunzi kufundishwa kuchora madirisha na vibonyezo, na zoezi lake liwe juu ya majina ya wanafunzi wenyewe.

Na taasisi za umma zinaponunua mfumo wowote utakaohifadhi majina ya watu, ziweke sharti moja la majaribio kabla ya malipo ya mwisho: mtu mmoja wa kubuni mwenye ng' katika jina lake aandikishwe mara nne, kila mara kwa ritifaa yenye nambari nyingine, kisha atafutwe kwa jina aliloandika karani kwa kibodi ya kawaida. Mfumo ukisema kwamba umewaona watu wanne, au kwamba haumwoni mtu, urudishwe kwa aliyeutengeneza.